Chumvi Iliyopita Magole

Magole iko wilayani Kilosa, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, jirani na Dumila, pale milima ya Ukaguru inapoishia na tambarare kuanza. Mito inateremka kutoka milimani, inaingia mto Wami na kwenda zake Bahari ya Hindi. Ukishika njia ya kusini, ukapita Msowero, Rudewa na Kimamba, mbuga ya Mkata inafunguka mbele yako hadi Mikumi. Nyasi zipo, maji yapo. Mgeni atakayeitazama nchi hii mwezi Mei, masika yakielekea ukingoni, atasema mfugaji wa hapa hana haja ya kitu kingine.

Ng'ombe wenyewe wangembishia. Nyasi nyingi za nchi za joto zina potasiamu tele na sodiamu kidogo sana, na mahali penye mvua ya kutosha maji huiosha hata hiyo sodiamu kidogo iliyomo udongoni. Ng'ombe naye huihitaji kila siku. Mate yake, ambayo humwagika tumboni kwa makumi ya lita kwa siku ili kulainisha cheuo na kupoza ukali wa tindikali, yamejaa sodiamu. Maziwa huitoa nje, mkojo huitoa nje. Akiikosa kwa muda mrefu, hupungua maziwa, manyoya hukosa mng'aro, na tabia inabadilika: hulamba kuta za udongo, hulamba jasho mgongoni mwa mwenzake, hunywa mkojo. Kila mchungaji anazijua dalili hizo, ingawa hajawahi kusikia jina la sodiamu.

Kiasi kinachotajwa mara nyingi kwa ng'ombe mkubwa ni gramu 30 hadi 40 za chumvi kwa siku. Ni kidogo, cha kujaa kiganja. Lakini chukua kundi la ng'ombe 50, zidisha kwa siku za mwezi, na utapata takribani kilo 50, yaani gunia zima. Hesabu hiyo ndogo inaeleza mambo mengi ya historia ya Kilosa ambayo vitabu vyetu vya shule, vilivyoshughulika na pembe za ndovu na vitambaa, havikuyagusa.

Katika karne ya 19 biashara yote kati ya Bagamoyo na maziwa makuu ilibebwa mabegani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 30 hivi, pengine zaidi kidogo. Richard Burton na John Speke waliikata mbuga ya Mkata mwaka 1857, wakafuata bonde la Mukondokwa kupanda Usagara. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akawa na bahati mbaya ya kuifikia Mkata wakati wa masika. Aliugua kuhara, punda wake wakafa mmoja baada ya mwingine kwenye matope, na kurasa alizoandika juu ya mbuga hiyo zimejaa ghadhabu. Njia nyingine ilipita kaskazini zaidi, kupitia Mamboya ambako wamisionari wa Kianglikana wa CMS walijenga kituo karibu na mwaka 1880. Magole ipo katikati ya njia hizo mbili.

Chumvi ilikuwa miongoni mwa mizigo. Iliyosifiwa kuliko zote ilitoka Uvinza, karibu na Ziwa Tanganyika, kwenye chemchemi za maji ya chumvi kando ya mto Ruchugi. Wanaakiolojia John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale katika miaka ya 1960 na kukuta kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi Uvinza tangu karne ya 5 au ya 6. Kazi ilifanyika kiangazi, kwa sababu masika mto ulizifunika chemchemi. Chumvi hiyo ilisambaa pande zote za nyanda za magharibi, na Wanyamwezi, mabingwa wa safari, ndio waliokuwa wachukuzi wake wakubwa. Upande wa pili, pwani, kulikuwa na chumvi ya bahari. Kati ya hizo mbili palikuwa na chumvi ya Ugogo: kiangazi watu walikwangua udongo wa chumvi kwenye madimbwi yaliyokauka, hasa pande za Bahi, wakauchuja kwa maji na kuyachemsha maji yale hadi yakauke. Ilikuwa na uchungu, wasafiri wakailalamikia, lakini ilipatikana karibu.

Sasa irudie ile hesabu. Kundi la ng'ombe 50 lingehitaji karibu mizigo miwili ya wapagazi kila mwezi. Hakuna mfugaji wa Usagara au Ukaguru ambaye angeweza kulipa wapagazi wawili mwezi baada ya mwezi, kutoka Uvinza zaidi ya kilomita 800 au hata kutoka pwani, ili ng'ombe walambe. Chumvi ya misafara ilikuwa ya chungu cha binadamu. Ilipimwa kwa kibaba, ikafungwa kwa majani, ikatolewa zawadi na kulipwa kama ushuru. Ng'ombe hakuwemo katika biashara hiyo hata kidogo.

Ilikuwapo chumvi nyingine iliyotengenezwa karibu kila mahali katika Afrika Mashariki, ile ya majivu. Mimea fulani ya majimaji huchomwa, majivu yakachujwa, maji yakachemshwa. Waluhya wa Kenya bado wanaipikia mboga. Mtu angedhani hiyo ingewafaa ng'ombe, maana mimea ni bure. Tatizo ni kwamba majivu ya mimea mingi hutoa potasiamu zaidi kuliko sodiamu, na potasiamu ndiyo ile ambayo ng'ombe ameshajazwa na nyasi. Kumpa ni kumwongezea asichokihitaji.

Basi, kwa kuwa chumvi haikuweza kumfuata ng'ombe, ng'ombe aliifuata chumvi. Hapa ndipo wanapoingia Waparakuyo, ambao nyaraka za zamani huwaita Wakwavi au Wabaraguyu. Ni wafugaji wa lugha ya Kimaa waliosukumwa kutoka nyanda za kaskazini na vita vya karne ya 19, wakatawanyika Ugogo, Ukaguru, Useguha na tambarare za Kilosa. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyeishi wilaya ya Kilosa mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika juu yao makala iliyotoka katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1960. Aliwakuta wakiishi bega kwa bega na Wakaguru walimaji, wakibadilishana na kugombana kwa wakati mmoja.

Watu walizoea kusema wafugaji hawa walizunguka kwa sababu ya maji na malisho tu. Nadhani maelezo hayo yanapunguza jambo. Ukiitazama ramani kwa jicho la ng'ombe, nchi hii ina pande mbili zinazokamilishana. Ugogo ni kukavu, maji yake mengi yana ladha ya chumvi, udongo wake unalambika. Nyasi zake ni fupi na hazidumu. Mkata na Wami kuna maji matamu na nyasi zinazofika kiunoni, lakini kuna mbung'o, na nyasi hizo zikishakomaa zinajaza tumbo bila kumjenga mnyama. Mchungaji aliyepeleka kundi mahali penye udongo wa chumvi mara kadhaa kwa mwaka hakuwa anatangatanga. Alikuwa anafanya kwa miguu ya ng'ombe kazi ambayo leo inafanywa na lori.

Wanyamapori walimtangulia. Mwaka 1988 mtafiti S. J. McNaughton alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kazi yake Serengeti: makundi ya wanyama hayajipangi ovyo juu ya nyika, hukusanyika mahali ambapo nyasi zina madini zaidi, sodiamu ikiwemo. Miaka tisa baadaye yeye na Feetham Banyikwa, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakaeleza katika Science kwamba wanyama wenyewe huchangia kuitengeneza hali hiyo. Wanakula, wanakojoa, wanakunya, wanarudi kula palepale, na mzunguko huo huongeza kasi ya madini kurudi kwenye majani. Kwa maneno mengine, malisho mazuri ya Serengeti yametiwa mbolea na walaji wake.

Wazo la kuitia nyasi chumvi kwa makusudi lilikuwa limeshazungumzwa sana Ulaya. Mwaka 1820 Mwingereza Cuthbert Johnson alichapisha insha juu ya matumizi ya chumvi katika kilimo, wakati ambapo kodi ya chumvi nchini mwake ilikuwa kubwa kiasi kwamba mkulima hakuthubutu kuimwaga shambani. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1825, na magunia yakaanza kwenda makondeni. Wengine waliahidi miujiza ambayo haikutokea, kwa kuwa mmea wa nyasi wenyewe hauhitaji sodiamu nyingi ili ukue. Faida iko kwa mlaji. Katika miaka ya 1990, huko Wales, Chiy na Phillips walionyesha kwamba ng'ombe wa maziwa walizipenda zaidi nyasi zilizowekwa sodiamu. Lakini dawa ya Wales, kwenye mvua ya mwaka mzima, si dawa ya kila mahali. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi katika nchi inayokauka miezi mitano, chumvi inayomwagwa haina pa kwenda. Hubana udongo, maji yakashindwa kupenya, na shamba likafa polepole. Anayemshauri mfugaji wa tambarare amwage chumvi malishoni hajawahi kuuona mfinyanzi mweusi ukipasuka mwezi Septemba.

Wafugaji wa Afrika Mashariki walikuwa na njia yao ya kuipeleka mbolea ardhini, wala hawakuihesabu kuwa mbolea. Ng'ombe hula mchana mahali papana na hulala usiku mahali padogo. Kila usiku zizi hupokea kinyesi na mkojo, pamoja na madini yaliyokusanywa kutoka eneo lote la malisho na kutoka kwenye udongo uliolambwa. Baada ya miaka michache boma linahamishwa. Miti ya uzio inaoza, mvua inanyesha, na pale palipokuwa zizi panaota ukoka mzito wa kijani ambao ng'ombe, swala na nyumbu wote huukimbilia. Mwaka 2018 Fiona Marshall na wenzake walitangaza katika Nature kwamba maboma ya wafugaji wa kale huko Narok, Kenya, mengine yakiwa na umri wa miaka 3,700, bado yana udongo wenye rutuba kuliko nyika inayoyazunguka. Fosforasi, kalisi, magnesi na naitrojeni bado zimo. Boma moja la miaka michache limeacha alama ya miaka elfu tatu.

Mfumo huo ulidai jambo moja: nafasi ya kuhama. Na nafasi ya kuhama katika Kilosa ilianza kufungwa Novemba 1884.

Kila mtoto aliyesoma historia Tanzania anamjua chifu Mangungo wa Msowero. Msowero ni mwendo mfupi kutoka Magole. Mjerumani Carl Peters alipita Useguha, Nguru, Usagara na Ukami kwa majuma machache, akikusanya misalaba kwenye karatasi za Kijerumani, na Mangungo ni mmoja wa waliowekewa karatasi hiyo mbele yao. Februari 1885 Kaizari akatoa barua ya ulinzi. Mjadala wa shule huwa juu ya kama Mangungo alilaghaiwa. Alilaghaiwa, hilo halina ubishi mkubwa. Linalosahaulika ni kwamba karatasi ile ilitoa ardhi kana kwamba ina mwenye mmoja, wakati tambarare ile ilikuwa na watumiaji wa majira: mlimaji wakati huu, mfugaji wakati ule, msafara ukipita katikati.

Kisha sotoka ikaja, karibu na mwaka 1891, ikafagia ng'ombe wa Wamasai na majirani zao wote. Msafiri Oscar Baumann alipita nchi ya Wamasai mwaka 1892 akakuta watu waliobaki mifupa. Palipokosa ng'ombe wa kula nyasi, kichaka kiliota, na kichaka kilileta mbung'o. Mkata ikawa nchi ya wanyamapori zaidi kuliko ya mifugo. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Kilosa ikawa makazi ya maofisa wa idara ya wanyamapori. Arthur Loveridge aliishi pale mwanzoni mwa miaka ya 1920 akikusanya nyoka na vyura ambao leo wamo katika makumbusho makubwa ya dunia. Sehemu ya mbuga ya Mkata iliishia kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, mwaka 1964.

Lakini kilichobadilisha historia ya chumvi ni reli. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Ilipita Mkata, Kimamba na Kilosa, na huko mwisho ikapita Uvinza kwenyewe, ambako kampuni ya Kijerumani ilikuwa imeshauchukua uzalishaji kutoka mikononi mwa Wavinza mwanzoni mwa karne. Ghafla gunia ambalo lingehitaji wapagazi wawili na miezi kadhaa liliwekwa kwenye behewa na kushushwa Kimamba. Kutoka upande wa pwani ikaja chumvi ya mashamba ya bahari. Mashamba ya mkonge yaliyoenea Kimamba, Rudewa na Msowero yalileta manamba kwa maelfu, na manamba walihitaji posho: unga, maharage, chumvi. Maduka yakafunguliwa. Mfugaji aliyeuza fahali mnadani akaona, labda kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo wake, kwamba anaweza kurudi nyumbani na chumvi ya ng'ombe ndani ya gunia.

Sidhani kuna mtu aliyeona wakati ule ukubwa wa mabadiliko hayo. Kabla ya reli, ng'ombe walikwenda kwenye chumvi. Baada ya reli, chumvi ilikwenda kwa ng'ombe. Sababu mojawapo ya kuhama ikaondoka kimyakimya, wakati uleule mkonge ulipokuwa ukizifunga njia za kuhamia.

Ng'ambo ya milima, Mpwapwa, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha mifugo mwaka 1905, wataalamu walianza kupima kisayansi kile ambacho wachungaji walikijua kwa macho. M. H. French, mkemia wa kituo hicho wakati wa Waingereza, alichunguza malisho na udongo unaolambwa na mifugo, na mwaka 1945 alichapisha katika jarida la madaktari la Afrika Mashariki makala ndefu juu ya wanyama wanaokula udongo. Jambo linalopendeza katika kazi ya namna hii ni heshima yake kwa mnyama. Udongo mmoja hulambwa kwa ajili ya chumvi, mwingine una madini tofauti, mwingine hauna lolote la maana ila ladha. Na mnyama anayetafuna mifupa hakosi sodiamu, anakosa fosforasi. Ukimpa chumvi tupu ataendelea kutafuna. Kule Afrika Kusini, daktari wa mifugo Arnold Theiler alikuwa ameshaonyesha kwamba ng'ombe wa namna hiyo huokota sumu kwenye mizoga na kupooza.

Ushauri wa mabwana mifugo baada ya hapo ulikuwa ule tunaousikia hadi leo: weka chumvi karibu na zizi, chini ya kibanda ili mvua isiiyeyushe, na hakikisha maji yapo, kwa maana ng'ombe mwenye kiu akila chumvi nyingi hufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitunga kanuni za kutia madini joto kwenye chumvi kwa ajili ya kupambana na rovu. Bado wafugaji wengi hununua chumvi ya mawe, ile nyeupe ya chengachenga isiyosagwa, kwa sababu ni rahisi, na mabonge ya madini huyaacha kwa wenye ng'ombe wa kisasa. Magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa nayo hutumika huko kaskazini. Huwa na floraidi, na meno ya wanaoyatumia husema hivyo.

Ujio wa Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya 1970 ulikamilisha kilichoanzishwa na mkonge. Mfugaji alipewa kijiji, mipaka na namba ya usajili. Vijiji vya wafugaji kama Twatwatwa na Parakuyo vikakaa kwenye ramani kati ya vijiji vya wakulima. Kwa mtawala mpango huo ulikuwa nadhifu. Kwa nyasi haikuwa hivyo, na kwa watu mwishowe ikawa balaa. Tarehe 8 Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa ng'ombe na mashamba uliua watu zaidi ya 30 katika siku moja. Yameandikwa mengi juu ya siasa, rushwa na ukabila uliohusika, na mengi ya hayo ni kweli. Mimi naongeza tu kwamba ugomvi ulitokea katika nchi ambamo, kwa miaka zaidi ya 100, mianya yote ya kupisha majira iliondolewa mmoja baada ya mwingine.

Wala wakulima hawakuwa na amani na ardhi. Januari 2014 mafuriko yaliifunika Magole na Dumila, nyumba zikaanguka na barabara kuu ya kwenda Dodoma ikakatika. Maji yanayoteremka Ukaguru huleta udongo mpya na huchukua wa zamani, na mkulima wa mahindi na mpunga hapa anajua kwamba rutuba ya konde lake si ya kudumu. Ndiyo sababu mahali palipokuwa zizi huwavutia wenye majembe kama panavyowavutia ng'ombe. Mahindi ya juu ya zizi la zamani hujitambulisha kwa rangi.

Leo chumvi hutolewa jioni. Ng'ombe wakisikia kishindo cha beseni hukimbilia nyumbani wenyewe, na mchungaji mdogo anapumzika kuwakimbiza. Hilo ni jambo jema kwake na kwa usalama wa mashamba ya jirani. Lakini zizi hilo halihami tena. Kila jioni linapokea sodiamu ya gunia, fosforasi ya malisho na naitrojeni ya nyasi, miaka ishirini mfululizo, samadi ikipanda hadi kwenye magoti, huku malisho ya kilomita mbili kutoka pale yakitoa kila mwaka bila kurudishiwa kitu. Samadi hiyo ina faida kwa konde la jirani, lakini kuirudisha malishoni ni gharama ya mafuta na vibarua, na mpaka sasa kazi hiyo, ambayo zamani ilifanywa na boma lenyewe kwa kuhama, haina mtu wa kuifanya.